Reli ya Mkono wa Kushoto

Siku mliyoniaga pale karakana mliniomba niseme machache. Nikasema mawili, nikakaa, mkapiga makofi kwa nguvu kwa sababu soda zilikuwa zinapata moto. Mmoja wenu akanifuata getini akaniambia, "Babu Bakari, ungeandika basi, maana ukiongea unakimbia." Haya, nimekaa. Niko barazani kwangu Mitwero, mbele ya meza niliyoitengeneza kwa mikono yangu na ambayo inayumba kidogo, jambo ambalo sitaki lifike mbali. Nitawaandikia juu ya kazi niliyoifanya kuliko nyingine zote, yaani reli za kushikia kwenye ngazi za majengo ya umma. Najua ninyi mnaziita fimbo za ukutani. Najua pia mnapanda vidato viwili viwili bila kuzigusa. Subirini magoti.

Niliingia karakana ya ujenzi Lindi miaka ya mwanzo ya ruksa ya biashara, maduka yaliyokuwa matupu yalipoanza kujaa sabuni za rangi na mashati ya mitumba. Sisi wa serikali tulikuwa bado na kopo moja la gundi kwa karakana nzima. Nilitoka Mitole na msumeno wa marehemu baba umefungwa kwenye gunia, na nilijiona fundi tayari. Nikakabidhiwa kwa fundi mkuu, Damiani Nandonde, Mmakonde wa kule juu Newala, mtu mfupi, mpole wa sauti, mwenye vidole vinene hata ukajiuliza vinaingiaje kwenye kazi ndogo. Alikuwa mchongaji tangu utotoni na seremala kwa ajira. Aliutazama msumeno wangu, akasema ni mzuri, akaufungia kabatini.

Kisha akanipeleka kwenye hospitali moja ya mkoani kwetu, jina lake naliacha, jengo kongwe la ghorofa moja lenye kuta nene. Wodi ya wazazi ilikuwa juu, kwa kuwa aliyelijenga alitaka wagonjwa wapate upepo wa bahari. Bila shaka alikuwa mwanamume, na hakuwahi kupanda vidato ishirini akiwa na uchungu. Nandonde akanikalisha kwenye benchi chini ya ngazi.

"Kaa hapa. Sura za watu usiziangalie. Angalia mikono."

"Mpaka saa ngapi, fundi?"

"Mpaka nirudi."

Alirudi alasiri. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona watu wanapanda na kushuka. Akasema, "Basi kesho utakaa tena." Usiku ule nililala nimenuna, nikiamini kwamba Mmakonde huyu ananichezea.

Siku ya pili, labda kwa kuchoka, macho yalifunguka. Nikaona kwamba mtu akipanda mkono wake unavuta, akishuka mkono ule ule unazuia, na ni kazi mbili tofauti kabisa. Alipita mzee mmoja aliyefuta kiganja kwenye kanzu kabla ya kushika, kama anayejiandaa kusalimiana na mkubwa. Alipita mwanamke aliyetembea vizuri tu, hana ugonjwa wa mguu, lakini kila baada ya vidato vitatu aliigusa reli kwa ncha za vidole, kuhakikisha bado ipo. Alikuwa amebeba mtoto mwenye homa. Nilitazama mkono ule mpaka ukapotelea juu. Nawaambieni ukweli, nilishikwa na ajabu ambayo haijaniachia mpaka leo. Kipande cha mti kimelala ukutani, hakisemi kitu, na watu wanakikabidhi miili yao bila hata kukitazama. Nandonde alipokuja nikamweleza yote hayo kwa pupa, nikijikwaa maneno. Hakunisifu. Alinipa ufunguo wa kabati nikachukue msumeno wangu.

Aliyonifundisha mengi mnayo kwenye michoro yenu sasa, na kompyuta inawakumbusha mkisahau. Sisi tulipima kwa mwili. Unene wa reli ni ule ambao kidole gumba kinakutana na cha kati. Nafasi kati ya reli na ukuta ni ngumi ipite bila kukwaruzwa. Isiishie pale kidato cha mwisho kinapoishia, iendelee hatua moja mbele, maana mguu ukishafika bado mkono haujaamini. Na mwisho wake uzunguke uingie ukutani. Hili la mwisho Nandonde alijifunza kwa fedheha, baada ya reli yake moja yenye ncha wazi kunasa kanga ya mama mmoja mbele ya foleni nzima ya posta. Mama yule alimtafuta mpaka karakana. Alimpata.

Mbao ilikuwa mninga au mkongo, ikapigwa randa, ikafuata tupa, ikafuata msasa, halafu ukaja mtihani. Nandonde alikuwa na mtandio laini wa mkewe, mwembamba kama utando wa kitunguu. Alimfunga mtu macho, akampa mtandio auburute juu ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi mmoja ukinasa, unaanza upya. Nilianza upya mara tano kwenye reli yangu ya kwanza. Mkewe, Mama Tekla, aliniambia baadaye kwamba mtandio ule aliununua kwa ajili ya sikukuu na hajapata kuuvaa.

Sasa nifike kwenye kosa letu. Nandonde alikuwa na kanuni moja isiyojadiliwa: reli ni moja, na inakaa upande wa kulia wa anayepanda. Sababu ya kwanza ilikuwa mbao chache. Sababu ya pili, aliyoisema kwa uhakika kama mtu anayesoma sala, ilikuwa kwamba mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, wa kusalimia na wa kupokea, na wa kushoto kazi yake tunaijua. Nani atakubali kushika pale ulipopita mkono wa kushoto wa mwenziwe? Hapo Mkristo wa Newala na Mwislamu wa Mitole hatukuwa na ugomvi, wote tulikuwa tumechapwa vidole na mama zetu kwa kosa hilo hilo. Niliuliza mara moja tu, nikiwa mgeni.

"Fundi, lakini anayeshuka, hiyo ya kulia si inakuwa kushoto kwake?"

Alifikiri, akasema, "Anayeshuka ardhi inamsaidia."

Nikaridhika. Kwa miaka kadhaa tulitembea pwani yote hii, mahakamani, shuleni, kwenye maboma ya wilaya, tukifunga reli moja moja upande wa heshima. Kazi nzuri, laini, iliyofaulu mtihani wa mtandio. Nilikuwa najivunia.

Dalili zilikuwepo. Mwaka mmoja tulivushwa kwenda kisiwa cha Songo Mnara kurekebisha milango ya jengo la wanakijiji, na adhuhuri nikaenda peke yangu kutazama magofu. Kuna mahali ngazi za mawe zimebaki. Nilizipanda, na bila kukusudia nikaweka kiganja ukutani, nikakuta jiwe pale ni laini kuliko mahali pengine. Nikarudi nyuma kidogo kwa woga. Watu waliokufa mamia ya miaka iliyopita, waliokula kwenye sahani za China, nao viuno viliwauma wakashika pale pale. Nikajaribu ukuta wa pili. Nao ulikuwa laini. Nilisimama katikati, mikono yote miwili ukutani, nikimshukuru Mungu kwa kunionyesha, na sikuelewa hata kidogo nilichoonyeshwa. Kuona si kuelewa.

Mambo yakabadilika. Malori ya magogo kutoka Liwale yakawa yanapita mbele ya karakana yetu kwenda Dar es Salaam, mchana kutwa, mninga juu ya mninga, na stoo yetu ina popo. Wakandarasi binafsi wakaanza kushinda zabuni, wakaja na mabomba ya chuma. Sina ugomvi na chuma. Lakini walifunga reli ya bomba kwenye ngazi ya nje inayotazama bahari, na saa saba mchana niliona watu wakiigusa na kuruka kama waliogusa sufuria. Ikishapoa jioni, chumvi nayo inaanza kula chakula chake. Kisha likaja neno jipya, kupunguza. Serikali inapunguza wafanyakazi. Kila ofisi ilikuwa na orodha, na kila mtu alimtazama jirani yake akikadiria.

Kwenye orodha ya ile hospitali lilikuwepo jina la Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa muuguzi mkunga wa wodi ya wazazi, mtu wa Kivinje, mrefu, mwenye kicheko kinachotangulia kabla hajafika. Binti yangu wa kwanza alipokelewa na mikono yake, na mke wangu alikuwa akisema Bi Somoe akikuambia "sukuma" hata maumivu yanamtii. Mumewe alishafariki, watoto wameolewa mbali, na wodi ile ndiyo ilikuwa nyumba yake. Alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Baada ya miezi, akasema mwenyewe, ulimi ulirudi kwanza na Mungu anajua vipaumbele. Mguu ulirudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi.

Mimi nilikuwa nimeitwa kubadilisha bawaba kwenye dirisha la dawa. Nikiwa pale chini ya ngazi nilimwona amefika, amevaa gauni jeupe limepigwa pasi, kofia kichwani. Alisimama mbele ya kidato cha kwanza. Akageuka, akaipa ngazi mgongo. Reli yetu ya upande wa kulia sasa ikawa kushoto kwake. Akaishika kwa mkono wake mzima, akainua kisigino cha kushoto nyuma, akakitafuta kidato, akakipata, akajivuta, na mguu wa kulia ukafuata unaburuzika. Akapanda hivyo, kinyumenyume, akitutazama sote tulioko chini, akiitikia shikamoo za wagonjwa kila kidato. Vidato ishirini. Nilisahau bawaba mkononi.

Aliposhuka mchana nilimfuata.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wangu hajambo?"

"Hajambo, anasoma. Bi Somoe, nani kakufundisha kupanda vile?"

"Reli yenu."

"Reli yetu?"

"Ndiyo. Imeniambia, 'Somoe, ukinitaka nigeuzie mgongo.' Nikaona basi, mwenye shida hachagui."

Alicheka, lakini mimi sikuweza. Kisha akaniambia jambo lenyewe. Daktari mfawidhi alimwona akipanda, akamkataza. Daktari yule hakuwa mtu mbaya, alimwambia waziwazi: "Mama, ukidondoka kwa mgongo nitamwambia nani?" Kamati ya kupunguza wafanyakazi ingekuja Jumatatu ya wiki inayofuata, na kuhusu yeye ingeuliza swali moja tu. Je, anafika wodini kwa miguu yake kama watu, au hafiki? Akishindwa anapewa barua.

"Kuzalisha nitazalisha kwa mkono mmoja na mdomo," alisema. "Kina mama ndio wanaofanya kazi, mimi nawaelekeza tu. Lakini wodi haishuki kunifuata. Nakuambia wewe kwa sababu mficha uchi hazai. Nifanyieni kitu."

Nilikwenda kwa bosi wa ujenzi nikaomba mbao za reli ya pili. Akafungua jalada, akasoma, akaniambia kwa upole kwamba ngazi ile ina reli. Nikasema ina moja. Akasema, "Ndiyo hiyo." Nikaenda stoo, mtunza stoo akanipa fomu ya nakala tatu na akanionya nisipoteze muda wangu kuijaza. Nikarudi kwa Nandonde, nikamsimulia nikiwa nimesimama. Alikuwa ananoa patasi. Hakuinua kichwa.

"Anapanda kinyumenyume?"

"Kinyumenyume, fundi. Na sisi ndio tuliomgeuza."

Aliendelea kunoa. Nikajua nimevuka mpaka, nikaondoka.

Kesho yake hakuja kazini. Nilimkuta hospitali, kwenye benchi lile lile aliponikalisha mimi siku ya kwanza, anatazama mikono. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Ngazi zilipotulia alisimama, akatoa leso, akaniambia nimfungie mkono wa kulia kiunoni, nikaze. Akajaribu kupanda, mguu wa kulia akiuburuza kana kwamba nao umelala. Kidato cha kwanza alipita, cha pili akauegemea ukuta wa kushoto kwa kiganja, na kiganja kikateleza kwenye chokaa. Kufika cha nne aliyumba. Nikamdaka.

"Nnungu wangu," alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. Akakaa palepale kwenye kidato. "Bakari, miaka yote hii nimekuwa fundi wa nusu ya watu."

Sijapata kusikia mtu mzima akijihukumu kwa maneno machache kama yale. Nilimheshimu tangu zamani, lakini siku ile ndipo nilipomwogopa, kwa maana nzuri ya neno hilo.

Asubuhi iliyofuata alikuja karakana akisukuma mkokoteni. Juu yake, chini ya gunia, kulikuwa na miimo miwili ya mlango. Niliijua. Alikuwa anajenga nyumba yake huku huku Mitwero, na kila jioni baada ya kazi, kwa zaidi ya miaka miwili, alikuwa akichonga mlango wake wa mbele. Mninga uliokauka vizuri, mrefu, mnene, hauna fundo. Kila mwimo ulikuwa na msululu wa maua ya majani sita, yamefuatana kutoka chini hadi juu, kila ua na tone dogo katikati. Watu wa mtaani walikuwa wanapeleka wageni kuuona.

"Fundi, huu hapana," nilisema. "Tutafute mwingine."

"Wapi? Kwenye lori la Liwale?"

"Lakini maua haya..."

"Ua ni la macho. Mkono hauna haja nalo." Akaweka mwimo kwenye meza ya kazi, akachukua randa, akaipiga.

Nilidhani ataanza taratibu. Alisukuma kwa nguvu, na maua yakaanza kutoka, yamejikunja ndani ya takataka za randa, jani hili huku, tone lile kule. Niliokota moja nikaliweka mfukoni, nikawa nalia kama mjinga na kusingizia vumbi. Mama Tekla alipoleta chakula mchana alisimama mlangoni, akatazama sakafu, akaweka sufuria chini akaondoka. Kesho yake alileta mtandio.

Tulipasua kila mwimo katikati kwa urefu, tukapata vipande vinne vilivyotosha na kubaki. Tukavikata ncha kwa mshazari ili viunganishwe bila kiungo kuonekana. Mabano ya kuishikiza ukutani tulimbembeleza mchomeleaji wa barabarani, akayatengeneza kwa mabaki ya chuma cha kona. Mimi nilitoboa ukuta kwa keekee, jiwe lile gumu, mpaka bega likafa ganzi. Bosi alipita siku ya tatu, akatazama, akauliza mbao zimetoka stoo gani. Nandonde akamwambia, "Stoo ya nyumbani." Bosi akaenda zake, na jalada halikufunguliwa. Kipande kimoja, cha katikati, Nandonde alinikataza kukigusa. Alikimaliza mwenyewe Jumapili baada ya misa. Jioni ile nilifungwa macho nikaburuta mtandio kutoka chini hadi juu, na haukunasa hata uzi.

Jumatatu kamati ikaja, watu wanne na mafaili. Daktari akawasimamisha juu, mlangoni mwa wodi. Sisi tulikuwa chini. Bi Somoe alifika, akaiona reli mpya, nyekundu iliyokolea juu ya chokaa nyeupe, upande wa kushoto. Hakutusalimu hata sisi. Akaweka mkono wake juu yake, akaufunga, na nikaona kidole gumba kinakutana na cha kati.

Akaanza kupanda, uso mbele. Cha kwanza. Cha pili. Mguu wa kulia ulikuwa unakwama, anausubiri, unakuja. Kina mama wajawazito waliokuwa kwenye benchi walianza kuhesabu kwa sauti ya chini. Kumi. Kumi na moja. Kidato cha kumi na mbili akasimama.

Akasimama muda mrefu. Kichwa kimeinama. Mmoja wa kamati akamnong'oneza mwenziwe, tukamsikia mpaka chini kwa jinsi palivyokuwa kimya: "Amekwama." Nilimtazama Nandonde. Alikuwa anatazama mkono wa Bi Somoe, sura yake haina wasiwasi wowote, na mimi nikaona ni kiburi cha fundi. Kisha Bi Somoe akainua kichwa, akageuza uso kidogo kutuangalia, na alikuwa anatabasamu. Akavuta. Kumi na tatu. Alivimaliza vilivyobaki kwa mwendo mmoja. Alipofika juu akawapita wale watu wanne na mafaili yao, akasema, "Samahanini, nina wagonjwa," akaingia wodini.

Barua haikuandikwa. Alizalisha watoto pale mpaka umri wake wa kustaafu ulipotimia, na nilimwona mara nyingi akipanda. Kila siku alisimama kidato cha kumi na mbili. Nilijiambia anavuta pumzi.

Nandonde aliweka mlango wa mbao za kawaida, akaupaka rangi ya kijani, akaishi nyuma yake mpaka alipofariki. Tulianza upya pwani nzima, jengo kwa jengo, kuongeza reli za kushoto. Yeye alipostaafu niliendelea peke yangu. Wapo waliokataa kuzishika mwanzoni, na wapo mabosi walioniuliza ya nini, nami nikajifunza kuwaambia wafunge mkono wa kulia kiunoni, waburuze mguu, wapande. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Reli ile ya miimo niliipaka mafuta kila mwaka, kwa kitambaa, kwa juu.

Sasa naungama. Miaka yote hiyo, mimi niliyezihubiri reli za kushoto, sikuwahi kupanda ngazi ile nikiishika ya kushoto. Nilikuwa mzima, na mama alinichapa vidole vizuri. Nilipanda kwa kulia kama muungwana, na kushuka niliiachia ardhi inisaidie.

Wiki iliyofuata baada ya ninyi kuniaga nilikwenda pale kumwona mkwe wangu aliyejifungua. Bega langu la kulia, lililosukuma randa maisha yangu yote, siku hizi haliinuki. Basi nikaenda kushoto. Nikashika. Nikapanda taratibu, nikisikia mninga wa Nandonde unapita chini ya kiganja, hauna kibanzi, hauna kiungo, na nikamwambia moyoni, umefanya kazi, fundi. Nikafika kidato cha kumi na mbili, na vidole vyangu vikasimama vyenyewe.

Chini ya reli, mahali jicho halifiki, pale ncha za vidole zinapojikunja, kulikuwa na kitu. Nikapapasa. Majani sita. Tone dogo katikati. Limesuguliwa likawa laini hata mtandio usingenasa, ua moja lililobaki la mlango wake, limewekwa mahali ambapo ni mkono tu utakaoliona.

Sikuweza kuendelea. Nilisimama nimeinamisha kichwa, machozi yanadondoka juu ya viatu, nikimwona Bi Somoe, nikimwona yule mtu wa kamati na neno lake "amekwama." Nyuma yangu kukawa na pumzi nzito. Alikuwa msichana mjamzito, siku zake zimefika, ameshika reli ile ile, ananisubiri.

"Pole, mama, nimekuzibia njia," nilimwambia.

"Hapana, babu, pumzika tu. Si uko kwenye ua?"

Nikageuka. "Umelijuaje?"

"Wote tunalijua. Mama yangu alinizaa hapa, aliambiwa na mkunga wake: panda kwa kushoto, usihesabu, ukifika kwenye ua umebakiza vinane." Akakunja uso, uchungu ukapita, akatoa pumzi. "Nenda, babu. Vinane tu."

Nikatangulia, naye akafuata nyuma yangu. Nilivihesabu, vilikuwa vinane.